Fundi wa Boila na Watu Wake wa Angani

Naanza na ujinga wangu, maana nikiuweka mwisho mtasema nilitaka kuuficha. Nilibandika selotepu kwenye kanda ya video isiyo yangu.

Kwa wasioelewa ubaya wake: kanda ya video ina kijino cha plastiki mgongoni. Kikishavunjwa, hakuna mashine itakayokubali kurekodi juu yake, na picha zilizomo zimekaa salama. Lakini ukiziba lile tundu kwa kipande cha selotepu, mashine inadanganyika kama mwalimu wa zamu. Hilo nililijua kidato cha kwanza, kabla sijajua kitu kingine chochote cha maana. Basi siku ya harusi ya mama yangu mdogo, yule mpiga video akatangaza kwamba kanda imemwishia, na hapo kwaya ndiyo kwanza inaingia ukumbini. Watu wakatazamana. Mimi nilikuwa na kanda ndani ya koti, kwa sababu nitakazozieleza, nikainuka kama mbunge. "Ipo," nikasema. Nikabandua selotepu iliyoshikilia mapambo ukutani, nikaziba tundu, nikamkabidhi. Wanawake wa ukoo wetu wakacheza juu ya kanda ile saa nzima na robo. Nilipigiwa makofi. Mpaka leo nikiyakumbuka yale makofi naona aibu mgongoni.

Kanda ilikuwa ya Fundi. Ilikuwa ya kumi na mbili katika hadithi yenye kanda kumi na mbili, na Fundi mwenyewe alikuwa bado hajaiangalia.

Fundi hayupo tena, ndiyo sababu naandika. Alizaliwa wapi na nani, msiniulize. Mimi nilimkuta tayari mzee, mrefu, ana kikohozi, na nyusi upande mmoja zimeungua zikakataa kuota. Kiswahili chake kilikuwa na Kinyakyusa tele ndani, kila z ilitoka kama s, nami nilikuwa namwigiza darasani mpaka watu wanapiga madawati. Hapa nayaandika maneno yake kwa z. Ni adabu iliyokuja kwa kuchelewa.

Kwa miaka ishirini na kitu alikuwa fundi wa boila kwenye kiwanda cha chai. Mama yangu yuko hapo hapo, meza ya kuchambua majani. Wenye kiwanda wapya walipokuja, siku zile kila kitu kilikuwa kinapata mwenyewe mpya, waliwasimamisha watu uwanjani kwenye mvua wakasoma majina. Mama hakusomwa. Fundi alisomwa. Kisha wakagundua kwamba hakuna mtu mwingine anayeweza kuizima ile boila bila kuipasua, wakamwomba, tafadhali mzee, amalizie siku. Yaani amefukuzwa, halafu anaombwa msaada. Akaingia akaizima. Mama anasema alifuta geji moja moja kwa kitambaa, akaning'iniza spana kwenye misumari yake kwa mpangilio, kubwa mpaka ndogo, akatoka akitembea kama mtu anayejaribu kukumbuka kama amefunga mlango.

Kipindi hicho hicho Mzungu mmoja wa mradi wa ng'ombe wa maziwa alikuwa anarudi kwao, mradi umekwisha, anauza vitu vyake uani. Wenye akili walinunua friji na vitanda. Fundi alichukua kiinua mgongo chake akanunua televisheni na deki ya video, na akaongezewa bure sanduku la kanda ambalo hakuna aliyelitaka. Akapanga chumba nyuma ya soko la Tukuyu, akaweka mbao juu ya matofali, akapiga filimbi.

Mjini vibanda vya video vilikuwapo. Vingine vilionyesha ngumi na mateke, na vilijaa. Fundi alionyesha kanda zake zile zile, kumi na moja, kwa zamu, akimaliza anaanza tena. Ilikuwa hadithi ya meli inayosafiri angani. Jina lake hatukulijua kamwe, kwa sababu yule Mzungu alikuwa anairekodi kwao kutoka kwenye televisheni na kila mara alichelewa kubonyeza, kwa hiyo mwanzo ulikuwa umekatwa. Sisi tuliita Meli ya Juu. Watu wake walikuwa wametoka duniani zamani sana, wanakwenda mahali ambako hakuna aliyewahi kupaona, na kila kanda kitu fulani kinaharibika njiani.

"Hiyo ndiyo filamu ya kweli," Fundi alikuwa anasema. "Nyingine zote, hakuna kitu kinachoharibika. Gari linapita motoni, linatoka linang'aa. Nani alilitengeneza?"

Hadithi ilikuwa kwa Kiingereza, na mtafsiri alikuwa yeye. Kiingereza chake kilikuwa cha spana. Alijua jina la kila kitu kinachovuja, kinachokaza na kinachopasuka, basi. Nahodha wa meli angesimama, mkono kifuani, macho kwenye nyota, akaongea dakika tatu mpaka jasho linamtoka. Fundi angesubiri amalize, kisha atufasirie:

"Anasema kazi iendelee."

Lakini mama mmoja aliyetunza injini ya meli akisema maneno mawili, Fundi alisimamisha deki na kutueleza robo saa, akichora kwa chaki kwenye ukuta mweusi kwa moshi. Mimi nilijua Kiingereza kidogo cha shuleni, nikawa namsahihisha kwa sauti ili wasichana wa sekondari wanisikie.

"Fundi, hajasema gasketi. Amesema moyo umemuuma."

"Wewe umesoma Kiingereza cha kukaa," akanijibu bila kugeuka. "Mtu anayeinama hivyo, mkono kwenye bomba hivyo, anazungumzia gasketi."

Chumba kizima kikacheka, wasichana wakiwamo. Nikajifunza kunyamaza, angalau mara nyingi.

Alikuwa na watu wake mle ndani ya meli, na ukitaka kumjua Fundi ni lazima uwajue hao. Majina yao ya Kiingereza yalitushinda, kwa hiyo tuliwapa ya kwetu.

Wa kwanza, na hapo hapakuwa na mjadala, ni Mama Boila. Huyo ndiye aliyekaa chini kabisa ya meli, kwenye injini. Mfupi, mnene, mkono mmoja wa shati umeungua na haukushonwa katika kanda zote kumi na moja. Juu kule wenzake walikuwa wanavaa mavazi meupe yenye vyeo. Yeye alikuwa na tambara kiunoni. Kabla ya kugusa chochote, aliweka sikio kwenye chuma akasikiliza. Mara ya kwanza Fundi kuona jambo hilo, nasikia, alipiga paja lake mpaka bakuli la chai likamwagika. Boila yoyote inayojiheshimu, alituambia, husikilizwa kwanza. Geji inaweza kudanganya, inaweza kuwa imekwama, lakini chuma hakijui kudanganya.

Wa pili ni Mzee wa Mimea. Huyo alikuwa na chumba cha vioo, ndani kuna mboga, na kila asubuhi alizisemesha. Akina mama wa sokoni walimpenda huyo kuliko wote. Alikuwapo bibi mmoja muuza maparachichi, alikuwa anaingia na kapu lake na kukaa mbele kabisa, na kila Mzee wa Mimea akitokea anamsalimia kwenye kioo, "Ugonile, tata," kama jirani aliyepita. Fundi hakumkataza. "Huyu akiumwa wiki mbili," alisema, "wote ni maiti, hata wenye vyeo. Lakini hebu mwangalieni anavyopishwa mlangoni. Anapishwa?" Tuliangalia. Kweli, hakupishwa. Tangu hapo siwezi kuangalia mkutano wowote bila kutafuta ni nani hapishwi mlangoni. Hata gwaride la shule limeniharibikia.

Wa tatu ni Mgeni, na hapa Fundi alikuwa mwongo. Mgeni alikuwa kiumbe waliyemwokota kanda ya nne, ngozi kama ya chatu, macho matatu, hajui lugha ya mtu yeyote. Fundi alisema hampendi. Alisema anapoteza nafasi, anakula chakula cha watu, hana kazi. Lakini kanda ya saba, Mgeni anapoachwa peke yake zamu nzima kwenye dirisha kubwa na hakuna anayemwambia kwamba wenzake wamekufa wote, Fundi kila mara alikumbuka kwamba kuna waya inahitaji kukazwa nyuma ya televisheni. Alikuwa anakaa kule nyuma mpaka sehemu hiyo ipite. Mara moja nikamfuata, kwa ubaya wangu.

"Fundi, waya imekazika?"

"Bado," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu mwenye mafua. "Rudi ukakae."

Wa mwisho kabisa ni Nahodha, ambaye kwetu alikuwa Meneja. Mzuri wa sura, mabega mapana, nywele hazisogei hata meli ikipinduka. Wasichana walimpenda, mimi nilimwigiza: nilikuwa napanda juu ya benchi, mkono kifuani, nasema kwa sauti nzito "Kazi iendelee," na vijana wanaanguka. Fundi alinishusha. Nilidhani atafurahi, kwa kuwa hakumpenda, kumbe hakutaka azomewe. "Mkimzomea hamtasikia anachopanga," alisema. "Na usimwangalie yeye. Angalia nyuma yake. Nani ameshika valvu?"

Hilo ndilo neno lake kuu. Nani ameshika valvu. Alilisema kwenye filamu, alilisema redio ikitangaza mawaziri, alilisema hata kwenye msiba wakati mchungaji anaongea na sufuria za wali zinachemka nyuma ya nyumba.

Sasa, mtu huyu aliyewachukia mameneja, hebu mngemwona kwenye kibanda chake. Filimbi ya kuingia, filimbi ya kutoka. Aliyechelewa alisimama mlangoni mpaka kanda iishe, hata kama mabenchi ni matupu, na miezi ya mwisho yalikuwa matupu kweli. Kula karanga marufuku, maganda yanaingia kwenye deki, ingawa deki ilikuwa juu ya kabati na karanga zilikuwa chini. Siku moja nilimwibia filimbi nikaenda kuipiga kwenye kona ya soko katikati ya kanda. Watu wote, wengi wao wa kiwandani, wakatoka kwa utiifu, wakasimama kwenye mvua, wakarudi ndani wakiwa wameloa. Fundi hakunipiga. Alisema kwa uchovu, "Nilidhani ni mimi niliyewazoeza vibaya. Kumbe ni kiwanda." Nikarudisha filimbi. Sikuwa nimetegemea kuona aibu.

Na siku nyingine alikuja mzee wa kanisa kukagua, maana ilisemekana tunaangalia mambo machafu. Akasimama nyuma na mwavuli unaochuruzika.

"Hawa watu wanakwenda wapi?" akauliza.

"Hawajui bado," akajibu Fundi.

"Wanasali?"

Fundi alifikiri kwa haki kabisa. "Yule wa mimea husema peke yake kila asubuhi. Sijui anasema na nani."

Mzee wa kanisa akafunga mwavuli, akakaa. Wiki iliyofuata alikuja na mke wake na mkungu wa ndizi.

Nimefika kwenye kanda ya kumi na moja, na sina njia ya kuizunguka.

Mwisho wa kanda hiyo bomba linapasuka kwenye chumba cha injini. Mvuke, moto, taa nyekundu. Mama Boila yuko ndani. Meneja anasimama kwenye kidirisha, anamwona, na anaamuru mlango ufungwe, ili meli iliyobaki isiungue. Mlango unafungwa. Kisha kutoka ndani tunasikia spana inagonga mlango: mara moja, ya pili, ya tatu. Halafu giza, kanda imekwisha.

Fundi alikuwa anaitoa kwa mikono miwili, kama anatoa mkate kwenye tanuri. "Basi. Mvua inakuja, kimbieni."

"Fundi, weka ya kumi na mbili!"

"Bado."

"Fundi jamani," yule bibi wa maparachichi anasema, "utatuua na roho juu."

"Mkishaijua, kesho mtakuja kufanya nini?"

Hiyo ilikuwa sababu ya biashara, na watu waliikubali. Sababu yenyewe aliniambia mimi, siku moja tukiwa tunahamisha mabenchi yasivujiwe maji. Sikumuuliza. Alisema tu, akiwa ameinama.

"Mimi mameneja nawajua. Najua alichofanya. Lakini kanda ikikaa ndani ya sanduku, yule mama bado anagonga. Mtu anayegonga ni mzima."

Nikainua upande wangu wa benchi.

Mngedhani baada ya maneno hayo ningeiheshimu ile kanda. Badala yake sikulala kwa kutaka kuiona. Jumapili moja Fundi alipotoka kwenda kukohoa nje, niliichomoa kwenye sanduku nikaacha ganda lake tupu, nikaenda nayo kwa rafiki yangu Idrisa, ambaye baba yake anauza vitambaa na wana deki nyumbani. Tukaangalia mchana, mapazia yamefungwa, tunatafuna kashata.

Hakugonga tena. Dakika ya kumi wanafungua mlango na Mama Boila amekufa, hata uso wake hawaonyeshi, ni ule mkono wa shati ulioungua tu. Meneja anaongea, mkono kifuani. Dakika ya ishirini kuna kijana amekaa kwenye kiti cha Mama Boila, shati safi, anasoma geji kwa macho bila kusikiliza chochote. Meli inaendelea. Jina la Mama Boila halitajwi tena mpaka mwisho, na mwisho wenyewe wanafika mahali pazuri penye miti, wanakumbatiana.

"Ndiyo hivyo tu?" Idrisa akauliza.

"Ndiyo hivyo."

"Sasa yule mzee utamwambia?"

"Nimwambie nini, kwamba nimeiba?"

Nikaitia kwenye koti niirudishe, na nikaahirisha, na ikafika Jumamosi ya harusi, na yaliyotokea nimeshayasema. Sitajisingizia kwamba nilitaka kumkinga asione. Nilitaka kupigiwa makofi. Mpiga video alihamishia harusi kwenye kanda yake, akanirudishia, nami nikairudisha sandukuni ikiwa na selotepu yake na shangazi zangu ndani. Fundi hakuifungua. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa naingia mle, nakaa, nacheka, na kila mkono wake ulipokaribia lile sanduku nilianzisha utani mpya.

Mwaka huo kikohozi kilimkalia. Vumbi la chai, moshi wa kuni za mkaratusi, unyevu wa chumba kile, chagua mwenyewe. Watazamaji walipungua, baa ya jirani ilifunga dishi, watu wakawa wanaangalia mpira. Mwishoni tulikuwa sita, halafu bibi wa maparachichi na mimi. Fundi alipiga filimbi kwa ajili yetu wawili. Kisha binti yake akaja kumchukua, akaenda naye kwake, Lupepo, pamoja na televisheni na deki na sanduku, vimefungwa kwenye blanketi.

Muda ukapita. Ijumaa moja mama akarudi kutoka kiwandani na ujumbe.

"Nimekutana na binti wa Fundi. Anasema baba yake anataka uende kesho. Anataka kuangalia hiyo kanda yake ya mwisho, sijui ni nini, na pumzi yake haitoshi kufasiri. Amesema aitwe yule mchekeshaji."

"Mimi?"

"Kuna mwingine?" Akanitazama. "Mbona umekuwa wa kijivu?"

Nikasema ni baridi. Akanipa maziwa ya mgando nimpelekee.

Lupepo ilikuwa kwenye ukungu, migomba inadondosha maji hata pasipo na mvua. Nilimkuta kwenye kiti, blanketi mpaka kidevuni, amekuwa mdogo. Mkwewe alikuwa ameazima jenereta, linanguruma nyuma ya jiko. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa analisikiliza.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Plagi ya hiyo ni chafu," akasema. "Lakini itafika. Weka."

"Fundi, labda upumzike kwanza."

"Nimepumzika toka walipokuja wenye kiwanda wapya. Weka."

Ningeweza kusema hapo. Niliweka kanda, nikiomba jenereta lizime. Halikuzima. Kioo kikawaka, na wanawake wa ukoo wetu wakaingia wakicheza, vigelegele, kwaya imejipanga nyuma.

Fundi alisogeza kichwa mbele.

"Hawa wamepanda meli lini?"

Akakaza macho kwenye kioo.

"Huyo wa gauni la njano namjua. Alikuwa meza ya kuchambua."

"Ni mama yangu," nikasema, na hapo nikaanza kulia kama mtoto wa chekechea, nikamwambia vyote: kuiba, Idrisa, harusi, selotepu, makofi. Kwenye kioo mama aliendelea kucheza, mikono juu, sijawahi kumwona hivyo nyumbani.

Fundi alikohoa muda mrefu. Nilisubiri anifukuze.

"Kabla ya harusi," akasema, "uliiangalia?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote."

Akafumba macho. "Haya, sema."

Kwa hiyo mtu pekee katika wilaya nzima ya Rungwe aliyejua, mbali na Idrisa, alikuwa mimi, na mzee alikuwa amefumba macho, ananisubiri.

"Alitoka," nikasema.

Macho hayakufunguka. "Alitokaje?"

"Alifungua mlango."

"Mlango ule unafunguka kwa kuvutwa ndani, na presha iko ndani. Hata wangekuwa watu kumi haufunguki."

"Ndiyo, ila… alipunguza presha kwanza."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa valvu."

"Valvu ipi?"

"Ya chini. Ile ya chini kabisa."

"Ya kutolea tope?"

"Hiyo hiyo."

"Iko nyuma ya bomba lililopasuka. Angeungua uso."

"Alijifunika koti."

"Kavu?"

"Alililoweka."

"Maji aliyatoa wapi?"

Nikakwama. Jenereta lilinguruma, kwaya ilikuwa inaimba. Nilitazama sakafu nikitafuta maji. Fundi alisubiri, na nilipokuwa tayari kusema ukweli wote, yeye mwenyewe akasema polepole:

"Kuna maji ya kupozea beringi. Bomba jembamba, mkono wa kushoto."

"Hayo," nikasema. "Alilikata."

"Halikatwi. Linafunguliwa nati."

"Alifungua nati."

Mkono wake ukatoka ndani ya blanketi. Ukaanza kuzungusha kitu hewani, polepole, kwa uzito, kama kweli kinakaza.

"Ile valvu aliizungusha mara ngapi?"

"Nne."

"Sita na nusu. Hata za hapa kwetu ni sita na nusu."

"Sita na nusu. Nilihesabu vibaya."

Tukamtoa hivyo, nati kwa nati. Ilituchukua muda. Mahali fulani Fundi alimwangusha Mama Boila chini kwa sababu sakafu ingekuwa na utelezi, akamwinua. Mpaka anafika mlangoni, mimi mwenyewe nilikuwa nimetokwa na jasho.

"Na Meneja alikuwa wapi?"

"Nje pale pale, mlangoni."

"Alisema nini?"

Nilitaka kumpa zawadi nzuri. "Hakusema kitu. Alimpa kitambaa afute mikono."

Fundi akafungua macho akanitazama, na jicho la upande wa nyusi zilizoungua lilikuwa linacheka.

"Hapo unadanganya. Meneja hatembei na kitambaa."

"Basi ni Mzee wa Mimea aliyempa."

"Hapo sawa," akasema. "Ndaga," akanishukuru kwa Kinyakyusa. Akarudisha mkono ndani ya blanketi. "Sasa rudisha harusi mwanzo. Mama yako alikuwa anaanza kucheza vizuri."

Tukaiangalia mpaka jenereta likaishiwa mafuta. Hakuniomba nimfasirie chochote.

Nilifika nyumbani jioni, miguu imejaa matope. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, ameweka miguu yake kwenye beseni la maji ya moto kama kila Jumamosi akitoka zamu. Nilimweleza vyote nikiwa nimesimama, bila kupunguza: kanda, wizi, kifo cha yule mama wa angani, na uongo nilioutengeneza na Fundi. Alimenya ndizi tatu nzima bila kuniangalia. Halafu akaweka kisu chini, akasema:

"Habari ya selotepu tutaongea mimi na wewe. Kesho asubuhi rudi Lupepo ukamwambie Fundi yule mama alikula nini alipotoka mle ndani. Mtu hafanyi kazi yote ile halafu akalala na njaa."